Kura Moja ya Dzaleka

Asubuhi ile ya Jumamosi niliondoka Dzaleka na vitu viwili ambavyo havikupatana hata kidogo: kura ya watu wa kambi, na mapenzi ya Delphin. Kura ilikuwa mkobani, imeandikwa kwenye daftari. Delphin alikuwa moyoni, na asubuhi ile alikuwa amejaa humo mpaka nikashindwa kupumua vizuri.

Tulipanda matola, lile gari la mizigo linalobeba mahindi na watu kwa pamoja. Ilikuwa Julai ya mwaka 2002, upepo wa Dowa unakata masikio, vumbi limetupaka sote rangi moja. Mimi nilikuwa nacheka peke yangu juu ya magunia. Mama Godelive, aliyekaa kando yangu, akanifinya paja.

"We Régine! Uko unacheka na nani?"

"Na hakuna, mama."

"Ule hakuna njo iko anakungojea Nsungwi, eeh? Ule hakuna wa bilatu bya kungara?" Alimaanisha Delphin na viatu vyake.

"Mama Godelive, tafadhali, papa atasikia."

"Asikie! Si iko na masikio?"

Baba yangu, Papa Asani, alikuwa amekaa mbele na dereva kwa heshima ya umri na ya cheo. Tuliona kisogo chake tu kupitia kioo. Lakini nawaambia, kisogo cha baba yangu kinaona kuliko macho ya watu wengine. Nikafunga mdomo, nikaendelea kucheka kwa ndani.

Tulikuwa wajumbe watatu, baba, Mama Godelive na mimi, na tulikuwa tunakwenda Nsungwi, mtaa wa mji mkuu, kwenye mkutano mkuu wa chama. Chama chenyewe kilikuwa cha Wakongo waliokimbia vita, kina matawi saba hapa Malawi, na kila tawi lilituma watu watatu kuchagua rais wa section, yaani wa matawi yote saba. Sisi wa kambini tuliitwa la base, yaani watu wa chini kabisa, wanaolala kwenye nyumba za tofali la udongo na kusikiliza amani kwenye redio ya jirani. Mimi nilichaguliwa kwa sababu mwandiko wangu wa Kifaransa unasomeka, na kwa sababu akina mama walisema cherehani yangu imewavisha wote, sasa na mdomo wangu uwavishe.

Waliogombea walikuwa wawili. Mmoja ni Mzee Lwaboshi, fundi wa saa pale Old Town, mtu wa sauti ndogo ya kukwaruza. Mwingine alikuwa Delphin.

Base ilikuwa imekaa kikao wiki moja nyuma, mchana kutwa, nyuma ya kanisa. Nilisimama nikamsemea Delphin mpaka koo likakauka. Nilisema ni kijana, amesoma, anajua kuandika barua kwa wakubwa. Mama Godelive akanijibu bila hata kuinuka: "Barua yake ilikuwa muzuri, mwanangu, weye njo ulitusomea. Lakini mvua ilipobomoa nyumba yangu, Lwaboshi alikuya, akalala hapa siku saba, akafyatua tofali na sisi. Delphin alituma salamu." Watu wakacheka, nami nikakaa chini kwa sababu ilikuwa kweli. Mikono tisa ilipanda kwa Delphin. Arobaini na mmoja kwa Lwaboshi.

Kwetu, mjumbe akishachaguliwa huweka mkono juu ya daftari la base na kusema maneno matatu mbele ya wote. Nami niliweka mkono, nikasema: "Nimetumwa, sikujituma miye." Wakapiga makofi. Nilirudi kwangu nikashona mpaka nikajichoma sindano mara mbili.

Sasa mniulize nilimpendaje mtu wa mjini Bukavu mwenye viatu vya kung'ara, mimi mtoto wa shamba kule Fizi. Ni suruali. Miezi minane nyuma Delphin alikuja Dzaleka kuanzisha tawi, na aliporuka kutoka kwenye matola suruali ikapasuka nyuma kutoka juu mpaka karibu na goti. Wakamleta kwangu akitembea kinyumenyume. Nikamfungia kitenge cha maua, akakaa nyuma ya cherehani anangoja huku wazee wa tawi wakimngoja yeye kanisani.

"Camarade," aliniambia, jinsi wanachama tunavyoitana, "kama hii suruali haiponi, chama kimekufa leo."

"Kitapona," nikamwambia. "Lakini camarade, kitenge kinakupenda."

Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Ndiyo hivyo, nilikwisha. Tangu siku ile tuliandikiana barua, anazituma kwa akina mama wanaokwenda kuuza Old Town, ambako alikuwa akibeba majora ya vitambaa katika duka la Mhindi mmoja. Na mpaka ndani ya barua za mapenzi aliandika "Camarade Régine mpendwa wangu," kama vile moyo wake nao una katibu.

Baba aliikuta mojawapo ya barua zile chini ya cherehani. Hakupiga kelele. Alikunja karatasi vizuri akanirudishia.

"Régine, mama, sikia. Ule kijana anapenda kura ya Dzaleka. Weye uko mufuko tu wenye kura iko ndani."

"Papa, hapana! Ananipenda!"

"Basi siku yenye hatakuwa na lazima na kura yetu, alete mushenga, njo nitamuamini. Mbele ya pale, asikanyage kwangu."

Na maneno ya baba yakishatoka hayarudi ndani.

*

Ukumbi ulikuwa wa kukodi, Nsungwi, bati juu na viti vya plastiki chini. Nilipoteremka kwenye matola nikapangusa vumbi usoni kwa ncha ya kitenge, nikanyoosha gauni nililolishona kwa siku hiyo tu, nikaambia miguu yangu itembee kama ya mjumbe. Miguu ilikataa. Ilikuwa inakimbia.

Delphin alikuwa nyuma ya ukumbi, karibu na akina mama waliokuwa wakisonga nsima na kukaanga usipa, wale samaki wadogo wanaotukumbusha ndagala wa ziwa letu. Alikuwa amevaa shati jeupe nililomshonea. Akaniona. Jamani, yule mtu alikuwa na namna ya kutazama! Alianza kwenye macho, akabaki kwenye macho, kama kwamba sehemu nyingine zote angeweza kuzisubiri.

"Camarade Régine."

"Camarade Delphin."

Tukapeana mikono kama wajumbe. Yeye akasahau kuuachia wangu, na mimi sikumkumbusha.

"Umekonda," akasema.

"Ni matola. Nilitoka Dzaleka nikiwa munene."

"Nimekuota siku tatu."

"Na siku ya ine?"

"Ya ine sikulala."

Nikacheka, nikatazama chini, nikaona viatu vyake vinang'ara kweli na moyo ukaniruka. Halafu akaniuliza lile nililokuwa naliogopa tangu barabara ya Dowa.

"Base ilisema nini?"

"Unajua."

"Nataka weye njo uniambie."

"Base ilisema Lwaboshi."

Nyuma yetu mafuta yalikuwa yanatatarika kwenye kikaango. "Na weye?"

"Miye ni wa base, Delphin."

"Régine, sikia." Akasogea, sauti ikashuka. "Nimehesabu. Niko na kumi za hakika. Inabakia moja tu. Moja! Na kura ni ya siri. Unaandika jina, unatia mu carton, basi. Hakuna mutu atajua."

"Miye nitajua."

"Na weye unajua pia vile niko nataka hii kazi. Si juu ya kujitukuza. Miaka ine niko nabeba majora ya bantu mu Old Town. Nataka nifanye kitu yenye bantu betu bataona."

"Najua."

"Basi?"

Nikautazama mkono wake juu ya wangu. Maneno ya baba yakaniingia kichwani yote kwa mara moja, na mdomo wangu, ambao haujawahi kungoja ruhusa, ukafunguka.

"Njo juu ya ile umenishika mukono? Juu ya ile moja?"

Akaniachia kama aliyeguswa na moto. "Unasema nini?"

"Sisemi miye. Papa njo anasema. Anasema unapenda kura ya Dzaleka, miye niko mufuko tu. Anasema siku yenye hautakuwa na lazima na kura yetu, ulete mushenga, njo atakuamini."

"Papa alisema vile?"

"Vile vile."

"Na weye unamuamini?"

Nilitaka kusema hapana. Nilitaka sana. Lakini nikageuza uso, nikafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Delphin akafungua mdomo, na hapo hapo Cirhuza, katibu wetu, mtu mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni, akatoka mlangoni akipiga makofi.

"Ba camarade! Tunaanza! Kila mutu kwa kiti yake!"

Delphin akanitazama mara moja tu, akaingia ndani. Nikabaki na harufu ya usipa na mkono wa baridi.

*

Mzee Lwaboshi alihutubu kwa dakika tatu. Alisema atakuja kambini kila mwezi, akakohoa, akakaa. Delphin aliongea robo saa, na ukumbi ukainuka. Watu walipiga miguu, wale wa tawi la Kauma wakaimba, hata yule mlinzi wa ukumbi, Mmalawi ambaye haelewi neno letu hata moja, akapiga makofi. Mimi nilipiga makofi mpaka viganja vikaniwaka, na kando yangu baba alikuwa amekunja mikono. Delphin aliutazama ukumbi wote isipokuwa kiti changu.

Sitawaficha kitu. Wakati ule kalamu ilikuwa mkononi na kura ilikuwa ya siri, na nilikuwa nawaza herufi D. Nilikuwa naiona ile mikono arobaini na mmoja nyuma ya kanisa, namwona Mama Godelive na nyumba yake iliyobomoka, na juu ya wote namwona Delphin katika kitenge cha maua. Kama tungepiga kura saa ile, mkono wangu ungeandika nini? Mpaka leo sijui, na afadhali nisijue.

Cirhuza akafungua bahasha ya karatasi za kura. Akatoa ya kwanza, akaigeuza. Akatoa ya pili, akaigeuza. Jasho likamtoka.

"Camarade katibu, iko nini?" akauliza baba.

"Cachet," akasema Cirhuza. "Hakuna cachet."

Muhuri wa chama ulikuwa kwa rais anayeondoka, na rais anayeondoka alikuwa ameufungia sandukuni kwake Salima, tena ufunguo ameuvaa shingoni na yuko hapo mbele yetu anaushika kwa aibu. Sisi Wakongo vita vimetunyang'anya nyumba, ng'ombe na mashamba, lakini mapenzi yetu kwa mihuri havikuyapata. Karatasi bila muhuri haifai hata kufungia karanga. Mmoja akasema basi tusaini tu. Wakamzomea. Mwingine akasema tukate muhuri kwenye kiazi. Karibu wapigane.

Ndipo yule mlinzi wa ukumbi, aliyekuwa ameegemea mlango, akauliza kuna shida gani. Mama Godelive, aliyejua Kichewa cha sokoni, akamweleza. Yule akacheka.

"Ife timangoima pamzere, basi," akasema.

"Anasema nini?" wazee wakamuuliza Mama Godelive.

"Anasema bo banasimamaka tu mu mustari. Huyu hapa, ule kule, kila mutu anaenda nyuma ya mwenye anamupenda. Banahesabu bichwa."

Nyuma ya mwenye anampenda! Nilihisi ardhi ya Nsungwi inasogea chini ya kiti changu. Wazee wakatazamana. Vichwa havihitaji muhuri. Wakakubali.

Mzee Lwaboshi akasimama upande wa dirisha, mikono nyuma. Delphin akasimama upande wa mlango. Cirhuza akaita matawi kwa jinsi yalivyofika, na sisi wa Dzaleka tulifika mwisho kwa sababu matola yetu ilipasua gurudumu mara mbili. Nsungwi wakaenda. Kauma wakamwendea Delphin wote watatu wakiimba. Old Town wakagawanyika. Salima, Mponela, watu wanavuka ukumbi, viti vinaanguka, kila anayepita anapigiwa kelele za furaha au za kuzomewa. Nilikuwa nimeshika mkoba wangu kwa mikono yote miwili. Cirhuza akahesabu.

"Delphin, kumi! Lwaboshi, nane! Dzaleka!"

Baba akainuka, akarekebisha koti, akaenda kwa Lwaboshi bila haraka. Tisa.

Mama Godelive akanishika bega. "Mwanangu," akaninong'oneza, "Mungu akusaidie." Akaenda. Kumi.

Kumi kwa kumi, na mtu mmoja ameketi.

Watu ishirini walinigeukia, na wagombea wawili. Nikasimama. Kutoka kiti changu mpaka katikati ya ukumbi ni hatua saba, nilizihesabu. Nilipofika katikati nikamtazama Delphin, na safari hii naye alinitazama. Hakuniita. Hakutikisa kichwa. Macho yake yalikuwa yamelowa na yalikuwa yananipenda, nawaapia, yalikuwa yananipenda na yananiogopa kwa pamoja. Nilitaka kwenda. Kila kitu ndani yangu kilitaka kwenda upande wa mlango.

Lakini mimi sikuja kwa niaba yangu. Nilikuwa nimeweka mkono juu ya daftari.

Nikageuka, nikatembea mpaka dirishani, nikasimama nyuma ya Mama Godelive. Sikuona chochote tena isipokuwa mgongo wa blauzi yake, ambayo pia niliishona mimi.

"Lwaboshi, kumi na moja!"

Upande wetu ukalipuka. Mtu alinikumbatia, sijui nani. Kupitia mabega ya watu nilimwona Delphin anavuka ukumbi, anampa mkono Mzee Lwaboshi, anainamisha kichwa kwa adabu. Kisha akageuka akatoka mlangoni, na hakunitazama.

*

Baba alinikuta nimekaa kwenye kiti kilekile. Akakaa kando yangu, akatoa leso yake, akanipa.

"Umefanya vizuri, mama."

"Papa, usiniambie vizuri."

"Ameenda?"

"Si umeona?"

"Nimeona." Na hakufurahi, lazima nimtendee haki. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetaka kushindwa. "Nilitaka nikuwe nimekosea, Régine. Kweli ya Mungu."

Mkutano ukaendelea, maana mkutano wetu hauwezi kwisha kwa sababu ya moyo wa mtu mmoja. Wakasoma ripoti. Wakabishana tarehe ya mkutano ujao. Mzee Lwaboshi, sasa rais, akaketi mezani akiwa bado haamini, na kila aliposema neno aligeuka kumtazama Cirhuza kama anaomba ruhusa. Mimi nilikunja leso ya baba na kuikunjua. Nilijiambia nitashona. Nitarudi Dzaleka nishone mashati ya watu wote wa dunia, nisishone hata moja jeupe.

"Point ya mwisho," akasema Mzee Lwaboshi kwa ile sauti ya kukwaruza. "Divers. Nani iko na divers?"

Mnajua mikutano yetu. Hiyo divers, mwishoni kabisa, ndipo mambo yote yaliyokosa mahali hupata mahali: aliyepotelewa na mwavuli, aliyefiwa, anayetangaza ubatizo. Watu walikuwa wameshaanza kuinua mikoba yao.

"Miye niko na divers, camarade président."

Sauti ilitoka mlangoni. Sikugeuka. Shingo ilikataa. Mama Godelive ndiye aliyenigeuza kwa kunishika kidevu.

Delphin alikuwa amesimama pale, shati jeupe limelowa jasho, anahema kama mtu aliyekimbia kwenda sokoni na kurudi. Mkononi alikuwa na chupa mbili za Fanta zimefungwa gazeti, na viatu vyake, jamani, vilikuwa vumbi tupu.

"Sema, camarade," akasema Mzee Lwaboshi.

Delphin akaja mpaka mezani, akaweka zile chupa mbele ya yule mzee aliyemshinda, akarudi nyuma hatua moja, akashika mikono kwa mbele.

"Muzee wangu, kwetu mutu haombe kazi kwa mukubwa na mikono mitupu. Niko nakuomba unikuwie mushenga. Unipelekee neno kwa Papa Asani wa Dzaleka, juu ya binti yake Régine. Akifungua moja ya hizi chupa, njo amekubali."

Kelele iliyotoka humo! Kauma waliruka juu ya viti. Baba akainuka, mkono hewani, kudai utaratibu wa mkutano.

"Motion! Motion d'ordre! Hii ni congrès, hapana harusi!"

"Papa, ni divers," akasema Cirhuza kwa unyenyekevu, akiangalia sheria zake. "Mu divers kila kitu inaruhusiwa."

Mzee Lwaboshi alizitazama zile Fanta, akamtazama Delphin, akaanza kucheka polepole. "Kijana, niko rais masaa mbili tu, na tayari unanipa kazi?"

"Njo ya kwanza, muzee."

"Sasa weye!" Baba alikuwa amemfikia Delphin, kifua kwa kifua, kidole kimemwelekea usoni. "Unatafuta nini kwa mutoto yangu? Kura haiko tena."

"Haiko, papa. Ulisema siku yenye sitakuwa na lazima na kura ya Dzaleka. Ni leo. Tangu saa saba na nusu."

"Na kama ungeshinda?"

"Ningengoja miaka mbili mpaka mandat ikwishe, alafu ningekuya."

Ukumbi mzima ukacheka, na hata mdomo wa baba ulicheza kidogo pembeni, nikauona. Lakini hakuwa mtu wa kushindwa upesi.

"Alikukosesha kiti mbele ya bantu bote. Haukukasirika?"

Delphin akajipangusa jasho kwa mkono wa shati. "Nilikasirika, papa. Nilitoka nje juu nisilie mbele ya Kauma. Nilifika kwenye bomba nikanawa uso. Alafu nikajiambia, ule njo mutu. Kama aliahidi bantu ba Dzaleka na hakubaacha hata juu yangu, siku moja akiniahidi miye..." Akabaki anatazama viatu vyake vichafu.

Sikumbuki kama nilikuwa nalia au nacheka. Mama Godelive anasema vyote.

Baba akanigeukia, na uso wake ulikuwa ule wa siku ile nyuma ya kanisa, aliponishikia daftari niweke mkono.

"Régine. Nakuuliza mbele ya section yote. Hapa umetumwa na nani?"

Nikasimama. Safari hii miguu haikukataa.

"Hapa, papa, nimejituma miye mwenyewe."

Nikavuka ukumbi. Zile hatua saba sikuzihesabu tena. Nikapita katikati, nikafika upande wa mlango pale alipokuwa amesimama wakati wa kura. Delphin akaelewa, akanifuata mbio akasimama mahali pake, na mimi nikasimama nyuma yake, karibu kiasi cha kusikia moyo wake ukipiga kupitia shati nililolishona. Mstari mzima ulikuwa ni mimi peke yangu.

Cirhuza, kalamu juu ya daftari la mkutano, alimtazama rais, akamtazama baba.

"Papa Asani," akauliza, "niandike nini?"

Baba alichukua chupa moja ya Fanta mezani, akaifungua kwa meno kama alivyokuwa akifanya zamani kule Fizi, akampa Mzee Lwaboshi anywe wa kwanza.

"Andika ile umeona," akasema.